Mshale Una Mwenyewe

Mwindaji wa Marekani akipanda mtini alfajiri kumsubiri kulungu, mkiani mwa mshale wake kuna taa. Si tochi. Ni kataa kadogo ka LED, kembamba kuliko penseli, kaliko ndani ya kile kipande cha plastiki chenye mfuo unaoshika kamba ya upinde. Wenyewe kipande hicho wanakiita noki. Mshale ukiwa umetulia kwenye upinde, taa imezima. Akiachilia kamba, msukumo unasogeza balbu mbele kidogo, inagusana na betri, inawaka. Hapo unaona mstari mwekundu au wa kijani ukikata giza, kama taa ya nyuma ya bodaboda inayoshuka Ngong Road saa kumi na moja asubuhi, halafu unazimika ghafla ubavuni mwa mnyama. Video za hivyo zimejaa YouTube. Ukiangalia mbili tatu, hazitakuacha tena.

Ukiwa mtu wa mjini unaweza kudhani ni urembo tu, kama yale mataa ya chini ya matatu. La. Mshale wa upinde wa kisasa, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, huenda karibu mita 90 kwa sekunde. Jicho haliwezi kuufuata, hasa jua likizama, na hiyo ndiyo saa kulungu hutoka kula. Kwa hivyo mwindaji anapiga, mnyama anaruka, matawi yanavunjika, kisha kimya. Amempata au amemkosa? Amempata wapi? Jibu liko kwenye mshale, ambao mara nyingi hupenya mwili wote na kuanguka upande wa pili kwenye majani. Akiuokota una damu nyekundu yenye povu, amepiga mapafu. Mnyama hayuko mbali. Damu nyeusinyeusi ni ini, na hapo inabidi angoje saa kadhaa. Akikuta uchafu wa kijani wenye harufu, amepiga utumbo, na mwindaji mwenye adabu hurudi nyumbani akalala, maana akimfuata sasa hivi mnyama ataamka akafie mbali ambako hataonekana na mtu. Mshale, kwa ufupi, unasomwa. Taa iko hapo ili usipotee nyasini kabla haujasomwa.

Kataa haka kamewagombanisha watu wazima kwa miaka. Huko Marekani kuna klabu inaitwa Pope and Young, iliyoanzishwa mwaka 1961, inayoweka rekodi za wanyama wakubwa waliouawa kwa upinde. Kanuni yake ilikuwa wazi: hakuna kifaa cha umeme kwenye upinde wala kwenye mshale. Ukitumia noki ya taa, hata kulungu wako awe na pembe kama matawi ya mwembe, jina lako haliingii kitabuni. Waliotetea taa walisema inawaka baada ya mshale kuondoka, kwa hivyo haimsaidii mtu kulenga. Inasaidia tu asipoteze mnyama aliyejeruhiwa. Waliopinga waliuliza: leo taa, kesho nini? Upinde una maana kwa sababu una mipaka yake, na ukiiondoa mmoja mmoja utajikuta umeshika bunduki isiyopiga kelele. Mwaka 2014 klabu ikalegeza kamba, noki za taa zikakubaliwa.

Ni ubishi mzuri, na sina haja ya kuuamua. Kinachonivuta ni jina la hiyo klabu. Ukilifuata nyuma linakuleta hadi Afrika Mashariki, mahali ambapo mshale pia ulikuwa unasomwa, na waliokuja kuusoma mwishoni hawakuwa wawindaji.

Pope ni Saxton Pope, daktari wa upasuaji wa San Francisco. Mnamo Agosti 1911, mtu mmoja alitokea nje ya mji wa Oroville, kaskazini mwa California, akiwa na njaa na peke yake. Watu wake, Wayahi, walikuwa wameuawa na walowezi kwa miongo kadhaa, kijiji baada ya kijiji, mpaka akabaki yeye. Hakutaja jina lake. Mwanaanthropolojia Alfred Kroeber akampa jina Ishi, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya mtu, basi. Alipelekwa kuishi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, na hospitali ya chuo ilikuwa jirani. Pope akawa daktari wake, kisha rafiki yake, kisha mwanafunzi wake: Ishi alimfundisha kuchonga upinde, kutengeneza mishale, kunyata, kuita wanyama. Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alichapisha kitabu kuhusu kuwinda kwa upinde na mshale, na Wamarekani wengi wanaopiga upinde leo wanakihesabu kama chimbuko la mchezo wao. Yaani ufundi wa watu waliomalizwa na walowezi ukawa burudani ya watoto wa walowezi. Hebu ngoja kidogo hapo kabla hatujaendelea.

Mwaka 1925 Pope na rafiki yake Arthur Young walikuja huku. Walikuwa pamoja na mwandishi Stewart Edward White, aliyeijua Afrika Mashariki kutoka safari zake za awali, na lengo lao lilikuwa moja: kuona kama simba wa Tanganyika anaweza kuuawa kwa mshale. Anaweza. Waliwaua kadhaa, White akiwa amesimama kando na bunduki tayari, kwa sababu simba aliyechomwa mshale hana habari kwamba ule ni mchezo. Kitabu cha safari kilitoka mwaka uliofuata na Wamarekani wakakifurahia.

Sasa fikiria wale waliobeba mizigo kwenye safari kama hizo. Miongoni mwa wapagazi wa Afrika Mashariki hawakukosekana watu waliozaliwa katika nyumba zenye podo ukutani. Kwao mzungu anayemtafuta mnyama kwa mshale hakuwa anagundua kitu. Alikuwa anafanya kazi ya babu zao, tena polepole.

Tofauti ilikuwa kwenye karatasi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilikuwa imeugeuza uwindaji kuwa jambo la leseni. Wakati Theodore Roosevelt anakuja Kenya mwaka 1909, leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa rupia 750, sawa na pauni 50 za wakati huo. Kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na kuna watu walioacha mashamba yao wakaenda kuchimba mitaro ya mzungu miezi mizima ili wazipate hizo tatu. Piga hesabu mwenyewe. Hata bila kutaja rangi ya mtu, bei ilikuwa imeshataja.

Kati ya mto Tana na mto Sabaki, na kusini zaidi nyuma ya milima ya pwani, waliishi Waata. Majirani waliwaita Waliangulu, na maafisa wa kizungu wakalichukua jina hilo wakaliandika kwenye ripoti zao. Lugha yao iko karibu na Kioromo. Hawakuwa na ng'ombe, na mashamba hayakuwa yao sana. Walikuwa na ndovu. Nikisema walikuwa na ndovu namaanisha walimjua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe: anakunywa wapi mwezi gani, njia zake, kelele zake, hasira zake.

Biashara ya pembe kwenye pwani yetu ni ya zamani mno. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza bandari za Bahari ya Hindi, tayari kinataja pembe za ndovu kutoka pwani hii. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake, waliochimba na kutafiti Tsavo kwa miaka mingi, wameonyesha kwamba ile nyika tunayoipita kwa treni tukidhani ni pori tupu ilikuwa na watu, njia na biashara kabla ya reli kufikiriwa. Pembe iliyopakiwa jahazini Mombasa au Malindi mara nyingi ilikuwa imeanza safari yake kwenye ncha ya mshale, na mwenye mshale mara nyingi alikuwa Mwata.

Upinde wao ndio ulioshangaza wageni. Nguvu ya upinde hupimwa kwa uzito unaouvuta. Wawindaji wengi wa Marekani leo huvuta pauni 60 au 70, tena wakisaidiwa na yale magurudumu. Pinde za Waata zilizopimwa zilipita pauni 100. Hiyo ni zaidi ya kilo 45: chukua mfuko wa simiti, toa kidogo tu, kisha uuvute kwa vidole vitatu mpaka kwenye shavu, ukiwa umesimama hatua chache kutoka kwa ndovu, bila kutoa sauti. Waingereza walizilinganisha na pinde ndefu za askari wao wa zamani, zile walizojivunia kwenye historia yao ya vita na Wafaransa. Ulinganisho huo ulikuwa wa sifa. Haukumtoa mtu yeyote jela.

Mshale wenyewe ulikuwa na sehemu zinazoachana. Uti mrefu wenye manyoya ulianguka baada ya kugonga. Sehemu ya mbele, yenye chembe cha chuma na sumu, ilibaki ndani ya mnyama. Sumu ilitoka kwenye mti wa msunguti, ikachemshwa mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami, na Waata mara nyingi waliinunua kwa Wagiriama, ambao miongoni mwao walikuwepo mafundi wake. Ukivaa koti la maabara unaweza kuiita wabeini. Jina hilo la kisayansi limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale; Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga mwaka 1888, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kwa wagonjwa wa moyo, kwa sababu kile kinachousimamisha moyo wa ndovu, kikipimwa kidogo sana, huutia nguvu moyo wa binadamu. Sumu ikikaa juani au ikikauka inachoka. Kwa hivyo chembe kilifungwa kwa kipande chembamba cha ngozi, kama mkate unaotunzwa usipoteze unyevu, na ngozi ilifunguliwa mnyama akiwa karibu.

Mwindaji wa sumu hana haja ya kusoma rangi ya damu. Akishapenya ngozi, kazi inayobaki ni ya kufuata na kungoja. Lakini mshale wake ulisomwa kwa ajili ya swali lingine ambalo Mmarekani juu ya mti wake, akiwa peke yake, halazimiki kuliuliza: huyu ndovu ni wa nani?

Mishale ilikuwa na alama. Mikwaruzo, pete, mistari iliyochomwa au kuchorwa, kila mtu na ya kwake. Watu wawili watatu wakipiga ndovu mmoja, au ndovu akichomwa leo hapa akafie kesho kule ambako watu wengine wanapita, alama ndiyo iliyoamua haki ya pembe. Jirani zao Wakamba, ambao pia walikuwa hodari wa mshale wa sumu, walikuwa na utaratibu unaofanana: Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1920, aliandika kuhusu alama za ukoo zilizowekwa kwenye mishale na mizinga, na kwenye ng'ombe pia. Ukiukuta mzinga juu ya mti Kitui, ulijua ni wa kina nani bila kumwona mtu. Ukiuona mshale, vivyo hivyo. Alama ilikuwa hati ya kumiliki, na watu waliiheshimu bila kuhitaji ofisi ya kuisajili.

Mwaka 1948 serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Nchi ya Waata ikaingia ndani ya mpaka. Usiku mmoja walilala wawindaji, asubuhi wakaamka majangili. Natia chumvi kidogo, maana sheria zilikuwa zimewabana kwa muda, lakini si sana: kabla ya hapo askari walikuwa wachache na nyika ni kubwa. Sasa kulikuwa na mbuga yenye jina, mpaka na mlinzi.

Hapa nataka uzishike tarehe mbili kwa pamoja. Mwaka 1952 kampuni ya RKO ya Hollywood ilitoa filamu iitwayo Tembo. Nyota wake ni Howard Hill, mtu wa Alabama, yule yule aliyepiga mishale ya kweli katika ile filamu ya Robin Hood ya 1938 iliyoigizwa na Errol Flynn. Katika Tembo, Hill anakuja Afrika na upinde mzito, wa zaidi ya pauni 100 kama wa Waata, na kumwangusha ndovu. Watu wakalipa tiketi wakaona. Miaka minne baadaye, 1956, Kenya ilianzisha kampeni kubwa ya kuwakamata watu waliokuwa wakifanya jambo hilo hilo bila kamera.

Kampeni iliongozwa uwanjani na watu kama Bill Woodley na David Sheldrick, walinzi wa mbuga. Woodley alikuwa ametoka vitani milimani, kupigana na Mau Mau, na mbinu alizozijua huko zilifuatana naye hadi Tsavo: kukamata mmoja, kumhoji, kumgeuza, kumtumia kumpata wa pili. Ni jambo ambalo vitabu vya mbuga hulitaja harakaharaka, kama vile vita vya ukombozi na vita vya pembe ni mambo ya rafu tofauti za maktaba. Yalikuwa mikono ile ile, mwaka mmoja baada ya mwingine, na redio zile zile.

Na ile mishale ikaanza kusomwa upya. Ndovu aliyekutwa amekufa, kambi iliyokutwa na podo, mshale uliookotwa kwenye kisima: kila mmoja ulikuwa na alama, na kila alama ilikuwa na mwenyewe. Walinzi walijifunza kuzitambua. Wakaweka kumbukumbu. Kile kilichomthibitishia mtu mbele ya wenzake kwamba pembe ni yake, sasa kilithibitisha mbele ya hakimu kwamba kosa ni lake. Hakuna haja ya shahidi. Mshale wako umekutaja. Nadhani hakuna ukoloni uliokamilika kuliko huo, kuchukua hati ya mtu ya kumiliki na kumrudishia kama karatasi ya mashtaka, bila hata kubadilisha mwandiko.

Mamia walikamatwa. Miongoni mwa waliotafutwa sana ni Galogalo Kafonde, mwindaji ambaye jina lake limebaki katika maandishi ya watu wale wale waliomfuata porini. Kuna jambo la ajabu katika maandishi hayo: yamejaa heshima. Woodley na wenzake waliwasifu Waata kwa ujasiri na ufundi, na kwa ukweli wao pia, maana mtu akikamatwa alisema, ndiyo, ndovu huyo ni wangu, mshale ni wangu. Bila shaka alisema. Tangu lini mtu akakana alama yake?

Sitaki kuwapaka mafuta. Waata hawakuwa wanapiga ndovu wa kitoweo tu. Walipiga kwa ajili ya pesa, na wafanyabiashara wa pwani waliwapa kiasi kidogo kwa pembe ambazo wao waliziuza kwa bei kubwa. Ndovu wengi walikufa, na maghala ya pembe zilizokamatwa yalikuwa ya kweli. Mtu akikuambia Waata walikuwa wanaishi kwa amani na kila kiumbe, hizo ni stori za jaba. Lakini mkoloni naye alikuwa akitoa leseni za kuua ndovu miaka hiyo hiyo, na pembe hizo zilipigwa mnada Mombasa kwa nyundo ya serikali. Hapakuwa na aliyekataa pembe. Ubishi ulikuwa juu ya mkono gani.

Baadhi ya walinzi waliona kasoro hiyo. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa mbuga, chini ya Ian Parker, aliyekuwa afisa wa wanyamapori. Wazo lilikuwa zuri mno kwa wakati wake: wape Waata eneo, wawinde ndovu kihalali kwa idadi iliyopangwa, wauze nyama na pembe, waishi. Kama lingefaulu, leo pengine tungekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia kuhusu uhifadhi Kenya. Lakini ndovu wa Galana walipigwa kwa bunduki. Upinde ulionekana si wa kisasa, ni wa kikatili, haufai kwa mradi wa serikali. Waata walipata kazi ya kuchuna, kubeba, kukausha nyama. Vibarua katika mradi uliobuniwa kwa jina lao. Kabla miaka kumi haijaisha eneo lilikuwa limekodishwa, likawa ranchi ya ng'ombe.

Huo ukatili wa mshale nao una utani wake. Nimeeleza hapo juu jinsi Wamarekani walivyobishana mpaka 2014 kama taa inamsaidia mnyama asiteseke. Huko wamempa mwindaji wa upinde muda, klabu, kura, majarida, na uhuru wa kujirekebisha. Akikosea, hutafutiwa kifaa. Mwata hakuulizwa kama sumu mbichi inaua haraka kuliko kuukuu, kama kuna njia bora, kama wazee wake wana maoni. Alama yake ilichukuliwa, na upinde ukachomwa au ukatundikwa ukutani kwa mtu.

Kilichofuata Tsavo hakikuhusu mishale tena. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu, wengi wao majike na watoto walioshindwa kutembea kutoka majini hadi kwenye majani. Baadaye zikaja bunduki za rashasha. Mwaka 1973 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa ndovu, na Mei 1977 uwindaji wote. Marufuku haikuwatisha wenye bunduki. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, ndovu wa Kenya walishuka kutoka takriban 167,000 mwaka 1973 hadi chini ya 20,000 kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe hapo Nairobi mbele ya kamera za dunia. Risasi haina alama ya mwenyewe. Ndovu aliyeuawa kwa rashasha alikutwa amelala bila uso, na yeyote angeweza kuwa amefanya, akiwemo mtu mwenye cheo, gari na dereva. Ghafla walinzi walikuwa na maiti nyingi kuliko wakati wowote, na hakuna mshale wa kuwatajia jina.

Leo noki za taa zinauzwa kwa paketi za tatu tatu, rangi ya kuchagua, na Mmarekani akitaka kumpiga mnyama wa Afrika kwa mshale unaowaka anaenda Afrika Kusini au Namibia, anakolipia kibali. Magazeti yetu yakimwandika yanamwita mwindaji. Kenya haendi. Hapa hakuna anayewinda kihalali, mwenye taa wala asiye nayo, na kwa upande mmoja hiyo ni sawa: angalau sheria imewafunga wote.

Waata wako Kilifi, Tana River, Kwale na kwingineko. Wengine wanalima, wengine wanachunga ng'ombe wa watu, wengine wanafanya kazi mjini kama mimi na wewe na hawatajulikana kwa jina. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inapoeleza maana ya jamii iliyotengwa, inataja jamii asilia iliyoshikilia maisha yake ya jadi yanayotegemea uwindaji au ukusanyaji. Ili utambuliwe kwa mlango huo, uwe bado unaishi hivyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema kuwinda, hata kwa kitoweo cha nyumbani, ni kosa. Zote mbili ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, ukitaka kuzisoma moja baada ya nyingine.